Sufuria Yenye Uzi Mwekundu

Nekesa alizikwa Jumamosi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma, nami nilipata habari Jumatatu nikiwa Tabora, nimeketi barazani nachagua mchele. Aliyenipigia simu ni Hansa. Hakuzunguka. Alisema, "Mwaju, Nekesa ametutoka. Tumemzika juzi. Nilikutafuta, ile namba yako ya zamani haishiki." Nyuma ya sauti yake nilisikia redio ya nyumbani kwake Kitale ikisoma habari za mvua. Mimi si mtu wa machozi ya haraka. Nilimaliza kuchagua mchele, nikaupika, nikala, ndipo nikakaa na kuukumbuka mwaka 1988, ambapo kwa muda wa Agosti nzima sisi watatu tulilala chumba kimoja na kula meza moja. Watu huniuliza ilikuwaje mimi wa Tabora nikawa na rafiki Mbukusu na rafiki Mhindi, na jibu langu huwa fupi: tulikutana kambini. Sijawahi kumwambia mtu jinsi urafiki huo ulivyokaribia kuishia kambini hapo hapo, wala kwamba aliyekaribia kuuvunja ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Chama kimoja cha hisani kilikuwa na kambi ya watoto kila Agosti, shule zikifungwa, katika shamba la zamani la mlowezi huko Endebess, juu ya Kitale, chini ya Mlima Elgon. Mwaka ule walitaka kijana mmoja kutoka nchi jirani wa kutunza stoo na kusaidia jikoni, na mwalimu wangu akaniandikia barua ya kunipendekeza. Ndivyo nilivyofika Kenya kwa mara ya kwanza, miaka michache tu baada ya mpaka kati yetu kufunguliwa tena. Nakumbuka nilisimama mbele ya duka moja Kitale nikahesabu aina saba za sabuni. Kwetu wakati ule kipande kimoja tulikikata kwa uzi ili kigawanyike. Nilijiambia kwamba watu wenye sabuni aina saba hawawezi kuwa na shida yoyote, na nililiamini jambo hilo kwa siku tatu nzima.

Chumba chetu kilikuwa zamani ghala la matandiko ya farasi. Ukutani kulikuwa na misumari mikubwa, mirefu kama kidole, ambayo tulitundikia magauni, na mvua ikinyesha, nayo ilinyesha kila alasiri, kuta zilirudisha harufu ya ngozi ya wanyama waliokwisha kufa kabla hatujazaliwa. Vitanda vilikuwa vitatu. Wa dirishani alikuwa Nekesa, mpishi mkuu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, mrefu, mwenye kicheko cha kufukuza ndege mahindini. Wa katikati nilikuwa mimi. Wa mlangoni alikuwa Hansa, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Kitale, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto michezo na kuchora. Hansa alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa amelala nje ya nyumba yao hata siku moja. Usiku wa kwanza alikaa kitandani amevaa viatu, kama abiria.

Kilichotufungua midomo ni chumvi. Mezani, siku ya pili, nilisema, "Samahani dada Nekesa, naomba unisogezee chumvi kama hutojali." Nekesa aliweka kijiko chini akanitazama. "Ati kama sitojali! Hii Tanzania bana, inaomba chumvi kama mtu amekuja kuposa. Sema 'leta chumvi', nirete, maneno iishe."

"Kwetu ukisema 'leta' utapewa kofi."

"Basi kwenu watu wanakufa njaa wakiwa na adabu."

Hansa alicheka hadi maji yakampalia, na tangu siku hiyo nikawa sina jina lingine kwa Nekesa ila Tanzania. Hansa alilifupisha jina langu, Mwajuma, akaniita Mwaju. Sisi wawili tulikuwa na sababu ya kuwa karibu zaidi. Nyama ya kambini mimi sikuigusa, kwa kuwa sikujua nani aliichinja. Hansa hakugusa nyama yoyote, wala yai, kwa kuwa ndivyo kwao walivyoishi. Kwa hiyo nilipika chakula kimoja cha watu wawili, dengu au kunde au viazi, na tulikula pamoja mwisho wa meza huku Nekesa akitusikitikia. "Angalieni hawa mbuzi wawili," alikuwa akisema, huku akituongezea sukuma wiki.

Chakula hicho nilikipika katika sufuria maalumu. Siku ya kwanza ya kambi, mama yake Hansa alikuja na binti yake, akaniita kando ya jiko la kuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na macho ambayo hayakukosa kitu.

"Wewe Islamu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi wewe najua. Chombo iko na heshima yake." Alinikabidhi sufuria ya ukubwa wa wastani na mwiko wake, mpini wa sufuria umefungwa uzi mwekundu. "Hii, nyama hapana. Yai hapana. Mwiko ya mtu mwingine hapana. Weka kwa kabati, funga, kaa na funguo." Kisha akanieleza, kwa upole wa mtu anayenikopesha siri, kwamba Hansa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, mbali na Kitale, na baba yake alikuwa hajakubali. "Baba nasema, msichana akienda koleji atakula takataka ya kila mtu, atarudi mtu mwingine. Mimi nasema, tuone huko kambi kwanza. Mwezi moja. Akikaa vizuri, nitamwambia baba." Akanishika mkono. "Wewe tasaidia yeye."

Nikasema nitasaidia. Hansa alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu, akijifanya anatazama mlima. Jioni aliniambia chuo kile alikiona mara moja tu, kupitia lango, na kwamba kulikuwa na dawati chini ya kila dirisha. Alilirudia jambo la madawati mara tatu. Mimi niliyetoka nchi ya kukata sabuni kwa uzi nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kuwa na duka zima la vitambaa na bado akose kitu kidogo namna ile.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wabukusu, na kuanzia wiki ya pili tulisikia njuga za vijana wakipita njia ya chini kwenda kuwaalika jamaa zao. Katika pilikapilika hizo, siku ya Jumanne, karibu na adhuhuri, mjomba wake Nekesa alitokea getini. Alikuwa anatoka kwa jamaa zake wa upande wa mlima, anarudi Bungoma kutahirisha mwanawe, akaona apite kumwona mpwa wake. Mzee mwembamba, kofia mkononi. Alitoa salamu ya kwao, "Mulembe", kwa kila aliyekuwapo, hata kwa watoto, mmoja mmoja, na ikachukua muda kwa kuwa watoto walikuwa sitini hata bila wale waliokwenda mtoni na Hansa. Nekesa aliingia jikoni mbio, nikadhani kuna msiba.

"Ni khocha, Tanzania! Ndugu ya mama!"

"Si vizuri? Mpe chai."

"Chai?" Alinitazama kama nimetukana. "Mama yangu alikufa nikiwa darasa la tano. Huyu ndiye mama yangu aliyevaa suruali. Amelipa shule. Sasa aende nyumbani aseme amekuja kwa Nekesa, mpishi, akakunywa chai?"

Kuku alipatikana kwa jirani, na mlinzi akamchinja. Shida ilikuwa chombo. Sufuria mbili kubwa zilikuwa na githeri ya watoto, ile ya mahindi na maharagwe, haijaiva. Ya tatu ilikuwa na maji ya kuwaogesha wadogo waliotoka matopeni. Karai la kukaangia lilikuwa limetoboka tangu wiki iliyopita. Nekesa alizunguka jiko lile mara mbili, kuku mkononi, kisha akasimama mbele ya kabati langu.

"Hapana," nikasema kabla hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu."

"Usiseme."

"Hansa yuko na watoto mtoni. Hatarudi mpaka saa kumi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Nekesa hakuwa mtu wa kushusha sauti. "Tanzania, mimi sijui mambo yenu ya kuomba. Lakini hii naomba. Mjomba akitoka kwangu bila kuku, na bila firigisi kwa sahani yake, mimi siwezi kuonekana pale nyumbani. Harafu hii mwezi ya tohara, watu wote wako pale. Watauliza alikula nini."

Nimejiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini kwa nini nilifungua kabati lile. Huruma ilikuwapo, lakini huruma haikunisukuma peke yake. Nilidhani najua. Mama yake Hansa alinipa kazi ile kwa sababu nilikuwa Mwislamu na nilijua mambo ya vyombo, na ni kweli, nilijua mambo ya vyombo vyetu. Kwetu chombo kikioshwa vizuri kimetakata, na aliyekiosha anaweza kulala usingizi. Niliichukua sheria ya nyumbani kwangu nikaivisha nyumba ya mtu mwingine bila kuuliza kama inamtosha. Kwa hiyo nilimpa sufuria. Mjomba alikula kuku, akapata firigisi yake, akasifu mchuzi, akaweka mkono juu ya kichwa cha Nekesa na kumwombea kwa Kibukusu, na Nekesa akafumba macho. Mimi niliiosha sufuria kwa majivu, kisha kwa mchanga, kisha kwa maji yanayochemka. Nilisugua hadi chini, mahali palipokuwa na vitone vidogo vilivyopangwa kwa mstari, ambavyo nilivichukulia kuwa alama ya kiwanda. Saa kumi Hansa alirudi na watoto wake, matope hadi magotini, akiimba. Jioni nilimpakulia dengu. Alisema, "Leo zimekolea kweli," nami nilikula kwenye sahani yangu iliyopakuliwa kutoka sufuria hiyo hiyo, na mwili wangu haukuona tofauti yoyote. Roho ndiyo iliyokataa. Kila kijiko alichokiinua nilikifuata kwa macho.

Asubuhi nilimwambia Nekesa kwamba nitamwambia Hansa. Alikuwa anakoroga uji. Hakuacha kukoroga.

"Mwambie. Atalia, ataenda nyumbani leo. Akienda nyumbani, baba yake atasema, si nilisema? Koreji kwisha. Na wewe roho yako itakuwa safi kama sahani. Ni hiyo unataka?"

"Nataka ajue anachokula."

"Anakula dengu, bana. Kuku imeenda Bungoma."

Nilinyamaza siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Jumamosi nilipotumwa mjini kununua mafuta na sukari, nilinunua sufuria nyingine, ukubwa ule ule, ung'avu ule ule. Niliufungua uzi mwekundu kwenye mpini wa zamani nikaufunga kwenye mpini mpya. Ile ya kwanza nilimwachia Nekesa aichanganye na vyombo vya kambi, akapikia mayai. Nilihisi nimerekebisha. Nilipika wali wa jira siku hiyo, kama mtu anayesherehekea.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na mama yake Hansa alikuja kututembelea. Duka lilikuwa limefungwa. Alileta kachori na achari ya embe, akakaa jikoni kwetu, akamkagua binti yake kucha na nywele, akaridhika. Hansa alikuwa amepata rangi ya jua na sauti yake ilikuwa imekua. Mama yake aliitazama sauti hiyo, kama inawezekana kuitazama sauti, nami niliona kwamba jibu lilikuwa linaelekea upande wetu. Kisha akaomba kuona sufuria. Nilifungua kabati nikampa. Aligusa uzi. Akaipindua, akatazama chini.

"Hii yangu hapana."

Baadaye Hansa alinieleza kwamba kwao mwanamke akiolewa, vyombo anavyopewa na mama yake hugongwa jina kwa msumari mdogo, vitone kwa vitone, kwa maandishi yao. Vile vitone nilivyovisugua kwa mchanga vilikuwa jina la bibi yake Hansa. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba mama ameshika sufuria juu chini, Nekesa amegeuka kutazama moto, na Hansa ananitazama mimi. Alinitazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Ile niliharibu mimi, Mama. Niliiweka motoni nikaenda kwa watoto, ikaungua, ikatoboka. Mwajuma akaninunulia hii."

"Iko wapi?"

"Tulitupa."

"Umetupa jina ya mama yangu?"

"Nisamehe, Mama."

Mama aliiweka sufuria mezani polepole. Alisema jambo moja kwa Kigujarati ambalo sikulielewa, kisha akanigeukia. "Lakini nyama haikugusa?"

Niligeuka nikafunga kabati. Hansa alijibu. "Haikugusa."

Basi mama akashusha pumzi. Alisema mtoto asiyejua kuchunga sufuria anataka kuchunga darasa, akacheka kidogo, na alipoondoka alimbusu binti yake kwenye paji la uso na kusema atazungumza na baba. Tulisimama getini hadi gari likapotea kwenye mahindi. Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani. Hansa hakugeuka.

"Sasa niambie," alisema, "nimedanganya kuhusu nini."

Nilimwambia yote pale pale, tumesimama. Sikuacha kitu: mjomba, kuku, majivu, duka, uzi. Aliuliza swali moja tu, ni siku ngapi alikula kutoka chombo kile baada ya kuku. Nikasema nne. Alikwenda kwenye bomba la uani, akasukutua, akatema, akasukutua tena, kwa muda mrefu sana, huku watoto wawili wakimwangalia na kumwuliza kama anaumwa jino. Nekesa alitoka jikoni akapiga magoti kwenye matope mbele yake, mwanamke mzima, mbele ya watoto. "Ni mimi, Hansa. Nilikuwa na mgeni. Nikatenda vibaya." Hansa akamwinua kwa mikono yake yenye maji.

Mimi sikupiga magoti. Nilikuwa bado najieleza. Nilisema niliosha mara tatu. Nilisema nilinyamaza kwa ajili ya chuo chake.

Siku zilizobaki alijipikia mwenyewe. Aliomba funguo, nikampa. Tuliendelea kulala chumba kimoja na kuzungumza mambo ya kazi: kalamu za rangi zimekwisha, yule mtoto wa mtaa wa Matisi ana homa. Alikuwa na adabu kwangu kuliko wakati wowote. Sikujua hadi wakati ule kwamba adabu, ambayo mimi nililelewa nayo kama mkate, inaweza kutumika kama ukuta.

Kambi ilipofungwa nilikwenda Bungoma kukaa kwa Nekesa siku mbili kabla ya safari yangu ya kurudi. Kaka yake Hansa alikuwa akipeleka vitambaa Bungoma siku hiyo, akamshusha dada yake asubuhi amuage Nekesa, aje amchukue alasiri. Tulikaa uani, sisi watatu na shangazi wawili, tukipukuchua mahindi kwa mikono. Hansa alikula ndizi alizokuja nazo. Nekesa alipokwenda kuchota maji, nilijaribu mara ya mwisho. Nilisema, "Nekesa umemsamehe."

"Nimemsamehe."

"Na mimi ndiye niliyetaka kukwambia. Yeye ndiye aliyenizuia."

Aliendelea kupukuchua hindi lake hadi likaisha. "Nekesa alikuwa na mgeni," alisema. "Wewe ulikuwa na nini?"

Alinipa hindi lingine, tukaendelea. Alipoondoka alinishika mkono, si kwa baridi, si kwa joto.

Barua yake ya kwanza ilinifikia Tabora mwezi wa kumi na moja. Aliandika kwa mwandiko wa mwalimu, ulionyooka. Alisema baba yake alikuwa amekubali. Sanduku lilikuwa limefungwa. Asubuhi ya kuondoka alimwambia mama yake ukweli, wote, kuanzia kuku hadi uongo wake mwenyewe pale jikoni. Mama alikaa bila kusema siku mbili. Baba alifungua sanduku akazirudisha nguo kabatini kwa mkono wake, na nafasi ile akapewa msichana mwingine. "Nisingeweza kukaa kwenye lile dawati na jambo hilo," aliandika. "Sasa nakaa dukani. Napima vitambaa. Nekesa huja siku za soko." Hakukuwa na lawama katika barua ile wala msamaha, na mwisho aliniuliza kama nimepata kazi. Nilimjibu siku hiyo hiyo. Niliandika kwamba kosa lilikuwa langu, na kwa mara ya kwanza sikuweka neno "lakini" mbele yake. Nilichana kurasa tatu kabla ya kuweza.

Tuliandikiana mwaka mzima wa 1989, barua fupi, habari za mvua na za watu. Alikuwa anaomba upya nafasi ya chuo, na kila barua niliifungua kwa hofu, kwa maana kila mwezi aliokaa nyuma ya kaunta ile niliuona kuwa wangu. Mwanzoni mwa 1990 bahasha ilikuja ikiwa na muhuri wa posta wa mji mwingine. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa dawati, urefu wake, mikwaruzo yake, mti unaoonekana dirishani. Mama yake ndiye aliyemsindikiza. Ukurasa wa pili ulikuwa wa chumba.

"Tuko wanne," aliandika. "Mmoja ni Mturkana, mmoja wa Kakamega, mmoja wa Pwani. Jioni ya kwanza nimewakalisha kitandani nikawaambia ninachokula na nisichokula, na sababu yake, na wao wakaniambia ya kwao. Tumekaa mpaka chai ikapoa. Ulinzi wa chombo changu sikumpa mtu."